Mashine za Gemu Zilizotumika: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mtu anayetafuta mashine ya gemu iliyotumika, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, kisha idadi ya pedi zinazoambatana nayo, ilhali jambo linaloamua kama atafaidika na fedha yake ni jingine: gemu linaingiaje ndani ya mashine hiyo? Tangu Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani, ilipouzwa Marekani mwaka 1972 hadi leo, kila kizazi cha mashine kimekuwa na njia yake, kuanzia kaseti, CD, DVD na Blu-ray hadi kupakua kwenye intaneti, na njia iliyochaguliwa na kiwanda miaka ishirini iliyopita ndiyo inayoamua leo kama mnunuzi atapata gemu la kucheza au atabaki na kasha la plastiki chini ya televisheni. Mpangilio ufuatao umefuata kigezo hicho, pamoja na urahisi wa kupata vipuri, na umemlenga mnunuzi wa nyumbani anayetaka mashine moja tu.

Nafasi ya kwanza naipa PlayStation 4 ya Sony, hasa toleo jembamba lililotoka mwaka 2016. Mashine hii ilianza kuuzwa Novemba 2013, na kwa kuwa zaidi ya milioni 117 zimeuzwa duniani, si vigumu kupata pedi, waya au gemu zake zilizotumika. Diski zake hazifungwi kwa kanda (eneo la dunia zilikouzwa), yaani diski iliyotoka Dubai, London au Tokyo itasoma katika mashine yoyote, na mwenye nayo akishaichoka anaweza kuiuza au kubadilishana na jirani. Kwa wapenzi wa kandanda, ambao ndio wateja wengi, inatosha kusema kwamba hata EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 ilitolewa kwa mashine hii. Gharama iliyojificha ni bando, kwa sababu diski hunakiliwa kwanza kwenye hadi diski (hard disk) ya ndani, kisha gemu huomba masasisho ambayo mara nyingi huwa ya gigabaiti kadhaa. Asiye na intaneti ya kudumu atumie gemu kama lilivyo kwenye diski, kwani wachezaji wawili kwenye kochi moja hawahitaji kulipia huduma ya mtandaoni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue ukurasa wa mipangilio na kuangalia toleo la programu ya mfumo. Mashine iliyo chini ya toleo la 9.00, lililotoka mwaka 2021, ina kasoro inayojulikana: betri ndogo ya saa iliyo ndani ikifa, na mashine isipoweza kuunganishwa na seva za Sony, gemu zinaweza kukataa kufunguka. Aingie pia kwa akaunti yake mwenyewe papo hapo dukani, maana mashine iliyofungiwa na kampuni haitaingia mtandaoni, na muuzaji hawezi kulifungua hilo kwa bisibisi. Hadi diski ikiwa imechoka si msiba mkubwa, kwa kuwa ni ya inchi 2.5 ya kawaida na hubadilishwa kwa urahisi.

Ya pili ni PlayStation 2, na hapa najua wengine watapinga. Ilizinduliwa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikacheza filamu za DVD wakati ambapo deki za DVD zilikuwa bado ghali, na ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwa hesabu ya Sony yenyewe, takriban milioni 160 ziliuzwa, idadi ambayo hakuna mashine nyingine ya gemu iliyowahi kuifikia. Kwa kuwa inasoma pia diski za PlayStation ya kwanza, ile ya mwaka 1994, anayeinunua anapata gemu za takriban miaka ishirini kwa bei ya mashine moja, bila akaunti, bila masasisho na bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Vijana wengi waliocheza kwenye vibanda vya PS katika miji yetu walijifunzia hapo.

Hata hivyo, inadai umakini kuliko nyingine zote. Lenzi yake huchoka, kwa hiyo ijaribiwe kwa diski ya CD na ya DVD, kwani inaweza kusoma moja na kushindwa nyingine. Diski zake zimefungwa kwa kanda, na mashine nyingi zilifunguliwa na mafundi kwa kuchomelewa chipu ndani ili zisome diski za kanda zote na za kunakili. Chipu iliyochomelewa vibaya huiua mashine siku ambayo hakuna anayetarajia. Umeme nao ni muhimu: mashine kubwa ya Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120, na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu ni kuiunguza. Mashine nyembamba za mwanzo, zilizotoka mwaka 2004, zina adapta ya nje ambayo hubadilishwa bila kugusa kitu kingine, na hizo ndizo ningezitafuta. Anayeambiwa kwamba gemu zote zimewekwa kwenye flashi aelewe kwamba tundu la USB la mashine hii ni la toleo la 1.1, na kasi yake ni ndogo mno kiasi kwamba video za gemu nyingi hukwama.

PlayStation 3 ya mwaka 2006 inashika nafasi ya tatu. Gemu zake hazifungwi kwa kanda na kucheza mtandaoni hakukuwa na malipo, lakini kandanda yake iliishia FIFA 19. Zile nene za mwanzo, ambazo baadhi husoma diski za PlayStation 2, hupata joto kali na kufa, hivyo achukuliwe mdogo wake wa mwaka 2009 au wa mwaka 2012.

Nintendo Switch ya mwaka 2017 ningeipandisha juu kama si bei ya gemu zake, ambayo haishuki kwa urahisi hata zinapokuwa zimetumika. Kadi zake hazina kanda, na kwa kuwa ina betri na kioo chake, umeme ukikatika mchezo unaendelea. Ijaribiwe vijiti vya pedi zake: mchezaji akisogea mwenyewe bila kuguswa, hiyo ni kasoro iliyowakumba wengi.

Kwa Xbox 360 niko mkali. Matoleo yake ya kwanza ya mwaka 2005 yalikufa kwa taa tatu nyekundu kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Toleo jembamba la mwaka 2010 lilituliza hali, ila duka lake la mtandaoni lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, na kanda za diski zake hutegemea uamuzi wa mchapishaji wa kila gemu.

Mashine za kaseti, yaani Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983 na nakala zake za bei nafuu, ninaziweka mwisho kwa matumizi, ingawa si kwa heshima. Orodha ya mamia ya gemu kwenye kaseti za nakala huwa ni gemu chache zinazorudiwa kwa majina mapya, na bunduki ya plastiki ya gemu la kuwinda bata haifanyi kazi kwenye televisheni bapa, kwa kuwa ilitengenezwa kwa televisheni za kichogo. Kaseti isiposoma isipulizwe kwa mdomo, maana unyevu hutia kutu. Isafishwe kwa pamba na spiriti.

Nje ya mpangilio huu nimeziacha kwa makusudi PlayStation 5 isiyo na kisoma diski na Xbox Series S. Gemu zake zote hukaa kwenye akaunti ya aliyezinunua, na muuzaji akishaondoa akaunti yake, kinachobaki mkononi mwa mnunuzi ni mashine tupu inayosubiri bando.