Pini au sindano na uzi, kipi kikae mkobani?

Kwa haraka pini ndo yenyewe. Uko Mokowe, gatini pa kuvukia Lamu, boti yaondoka na upindo wa buibui umefumuka, nani atatunga uzi saa hizo na upepo ule, wabana pini mbili kwa ndani waenda zako. Zipu ikiachia pia yaokoa. Lakini kitambaa chepesi cha hizi buibui za siku hizi pini yakitoboa, kikivutika kidogo kimechanika.

Sindano yachelewesha ila kazi yake yakaa, kifungo cha kanzu kikingʼoka pini itakuaibisha tu mbele za watu, hapo ni uzi, mweupe wa kanzu na mweusi wa buibui, kwa Lamu rangi mbili zatosha mana ndo nguo zetu (za maua utajijua 😅). Chukua wa poliesta, wa pamba unyevu wauozesha.

Vyote viwili adui ni kutu, hewa ya chumvi haichagui, na pini yenye kutu ikigusa kanzu doa lile halitoki kirahisi, so weka kwa kikopo kikavu chenye kifuniko. Mi nikilazimishwa kimoja nachukua sindano, ishatungwa uzi kabisa.