Zoom H1n kwenye miombo ya Tabora: kinasa sauti cha filamu fupi ya msitu unaochipua

Filamu nyingi fupi za asili zinazotengenezwa kwa simu huharibikia kwenye sauti. Picha inapendeza, jani linaonekana hadi mishipa yake, lakini masikioni kuna upepo unaogonga na vidole vinavyokwaruza kava la simu. Zoom H1n, kinasa sauti kilichoingia sokoni mwaka 2018 na ambacho bado kinapatikana cha mtumba, ni kati ya njia za bei nafuu za kuondokana na tatizo hilo. Tathmini hii inakipima kwa kazi moja tu: filamu ya dakika nne au tano kuhusu miombo ya Tabora inapochipua, yenye muziki uliotungwa kwa ajili yake. Kwa kazi hiyo kinafaa, mradi ujue mahali kinapochoka.

Kwanza msimu wenyewe. Ulaya machipuko huanza Machi, baridi inapolegea. Tabora msitu huchipua kiangazi kikiwa kikali, kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka. Mtundu na myombo hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba na divai, kisha katika muda wa wiki mbili tatu yanageuka kijani. Mninga nao huweka maua ya manjano kwenye matawi ambayo bado hayana majani. Huo ndio muda ulio nao. Ukichelewa hadi Novemba, utakuta msitu wa kijani kama wa mwezi mwingine wowote wa masika.

Sasa kifaa. Bila betri kina uzito wa gramu 60 na kinaingia mfuko wa shati. Juu kina maikrofoni mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, na ngome ya plastiki inayozikinga. Mbele kuna kioo kidogo, kitasa cha kupandisha na kushusha kiwango cha sauti inayoingia, chenye namba 0 hadi 10, na kitufe kikubwa cha kurekodi. Hicho kitasa ndicho sababu kubwa ya kukipenda. Unasikiliza kwa hedifoni, unazungusha kwa kidole gumba, na huhitaji kuingia menyu yoyote wakati ndege ameshaanza kulia. Nyuma kuna tundu la skrubu la robo inchi linaloingia kwenye stendi yoyote ya kamera.

Kwenye mpangilio wa kurekodi weka WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48. Usishawishike na 96: video hutumia 48, na tofauti utakayopata ni kadi kujaa mara mbili haraka zaidi. Kwa mpangilio huo saa moja hula takriban GB 1, kwa hiyo kadi ya GB 32, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote inazokubali, inatosha safari nzima. Kadi za bandia zimejaa madukani: zimeandikwa GB 32 na ndani ni 4. Kabla ya kwenda porini ijaze kadi hadi mwisho kwa faili kubwa kutoka kwenye kompyuta, kisha fungua faili la mwisho. Lisipofunguka, hiyo kadi si ya kutegemea. Betri ni mbili za AAA, na za alkalaini hutoa kama saa 10. Ukitumia za kuchaji, badilisha aina ya betri kwenye menyu, la sivyo alama ya chaji itakudanganya na kifaa kitazima katikati ya rekodi.

Tatizo la kwanza la Septemba ni upepo. Sponji jembamba la kawaida huzuia pumzi ya mtu, halizuii upepo wa tambarare. Unahitaji kava la manyoya, na linaweza kushonwa kwa fundi yeyote: kitambaa cha manyoya bandia chenye nywele za sentimita mbili au zaidi, kilichofumwa kwa nafasi upande wa nyuma ili sauti ipite, kikivalishwa juu ya sponji bila kuligandamiza. Kitambaa kizito cha zulia kinaua sauti za juu na ndege wote wanasikika kama wako ndani ya gunia. Pamoja na kava, washa kichujio cha sauti nzito kwenye Hz 80 au 120. Hz 160 iache kwa siku mbaya, maana hula pia sauti nzito za msitu wenyewe.

Tatizo la pili ni mwili wa plastiki. Ukikishika mkononi, kila kidole kinachosogea kinasikika. Kifunge kwenye stendi, weka kipande cha ndara kati ya stendi na kifaa, bonyeza rekodi, ondoka hatua kumi. Ondoka kweli, kwa sababu majani makavu ya mwezi huo hulia chini ya kiatu kama karatasi.

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi, nalo haliondoki kwa kununua kitu. Maikrofoni zake zina mchirizo wa “shii” usiosikika mjini lakini unaosikika wazi msituni palipo kimya. Ukipandisha kitasa hadi 10 kumfuata ndege aliye mita 50, unapandisha na huo mchirizo. Dawa ni kusogea. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6, na hakuna programu inayoweza kukupa hizo bure. Baadaye, kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chukua sekunde tatu za ukimya kama sampuli na upunguze desibeli 6 hadi 9 basi. Ukienda 15 au 20, mabawa ya ndege yanaanza kusikika kama maji yanayobubujika bombani.

Kwa ndege wa alfajiri, kifaa kiwe tayari saa 12 kamili, kwani jua la msimu huo Tabora hutoka kati ya saa 12:25 na 12:50, na wimbo mzito huanza kabla yake. Anza na kitasa kwenye 7, tazama mizani ya sauti kwenye kioo, acha vilele vigonge karibu na desibeli -12. Washa pia ile huduma inayohifadhi sekunde 2 za kabla hujabonyeza, maana kanga hakungoji. Nenda mbali na mji, ng’ambo ya bwawa la Igombe au zaidi. Honi ya treni pale stesheni husafiri mbali mno asubuhi yenye hewa baridi, na bodaboda mmoja barabarani anatosha kuharibu dakika nzima.

Nyuki wanastahili maelezo yao, maana filamu ya miombo ya Tabora bila nyuki ni nusu filamu. Mlio wa mzinga wa gogo ni sauti tamu kabisa kwa kinasa hiki: iko karibu, haina upepo mwingi, na maikrofoni mbili zinaonyesha nyuki wakipita kushoto na kulia. Lakini lile kava la manyoya likiwa jeusi, nyuki hulishambulia. Kwao kitu cheusi chenye manyoya ni mnyama aliyekuja kuiba. Utasikia kwenye rekodi: mvumo laini, kisha “tap, tap, tap” ya nyuki wanaojigonga kwenye kitambaa, kisha mlio wao unapanda kwa ukali. Tumia manyoya meupe au ya kijivu hafifu. Nenda na mfugaji nyuki mwenye vazi na bomba la moshi, funga kinasa kwenye ncha ya fimbo ndefu, kisogeze pembeni mwa mlango wa mzinga, nusu mita hadi mita moja, kisha ondokeni wote. Dakika tano za mwanzo zina hasira. Sauti unayoitaka inaanza baada ya dakika kumi.

Kuunganisha na picha si kazi. Piga kofi moja mbele ya kamera kila mwanzo wa shoti, halafu kwenye programu ya kuhariri panga ncha ya kofi na picha ya viganja vikikutana. Kinasa na simu havina saa moja, kwa hiyo shoti ndefu huachana taratibu. Gawanya kazi katika vipande vya dakika tano. Simu nyingi pia hurekodi kwa idadi ya picha inayobadilikabadilika, na hiyo huivuruga sauti kuliko kitu kingine. Pitisha video kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague picha 25 kwa sekunde isiyobadilika, ndipo uhariri. Namba 25 ina faida nyingine ukiiweka kwenye simu yenyewe wakati wa kupiga: umeme wetu ni Hz 50, basi ukimpiga picha mpiga ngoma chini ya taa ya ndani, mwanga haupepesi kirahisi.

Muziki ufanye baada ya kuwa na mkato wa kwanza wa picha, hata kama ni mbaya. Mpigaji wa zeze akiona jani linavyofunguka ndipo anajua apumue wapi. Zeze lirekodi kwa sentimita 40 hadi 60, maikrofoni zikielekea kwenye kibuyu, si kwenye upinde, kwani upinde una mkwaruzo mwingi. Ngoma iweke mita mbili, zima kichujio cha sauti nzito, shusha kitasa hadi 2 au 3. Kikomo cha maikrofoni ni desibeli 120. Ngoma ikipigwa kwa nguvu karibu sana, sauti hupasuka kwenye maikrofoni yenyewe, na limita, yaani kidhibiti cha vilele kinachofuata baada ya maikrofoni, haiwezi kuirudisha. Manyanga yawe mita moja na nusu. Yana ncha kali ambazo mizani ya kioo huchelewa kuzionyesha, hivyo acha nafasi kubwa zaidi ya desibeli.

Kifaa kinaweza kurekodi ala juu ya ala nyingine, lakini kwa filamu ni afadhali kila ala iwe na faili lake ili uweze kuipunguza peke yake. Chumba kiwe na magodoro mawili ukutani na mkeka chini. Epuka nyumba ya bati kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, wakati bati linapopata joto na kulia “ka, ka” kila baada ya muda. Na nyenje wa Oktoba wanakaa sehemu ileile ya juu ya sauti wanapokaa manyanga. Ukiwaweka pamoja, husikii hata mmoja vizuri. Katika onyesho la adhuhuri acha nyenje waimbe, zeze liwe chini yao, manyanga yasubiri.

Makubaliano na wapigaji yaandikwe kabla ya kurekodi: nani mtunzi, nani analipwa nini, filamu itaonyeshwa wapi. Usajili wa kazi ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa msitu wa hifadhi, omba kibali TFS, wakala wa huduma za misitu, mapema.

Mwaka 2024 ilitoka H1essential ya Zoom hiyohiyo, inayorekodi kwa biti 32 na haina kitasa cha kiwango, kwa kuwa sauti iliyozidi au kupungua hurekebishwa baadaye. Kwa anayerekodi peke yake huku akishika kamera, hiyo ni bora, na inatumia USB-C. Lakini biti 32 haziiokoi maikrofoni iliyo mbali na ndege. Ukiwa na fedha ya kimoja tu kati ya H1essential peke yake na H1n ya mtumba pamoja na kava zuri la manyoya, hedifoni na stendi, chukua H1n na hivyo vitu vyake. Ya mtumba ijaribu hapohapo dukani: zungusha kitasa huku ukisikiliza kama kinakwaruza, piga kidole polepole kila maikrofoni uone pande zote mbili za mizani zinapanda, na fungua mlango wa betri uangalie kama kuna unga mweupe kwenye chemchemi.