Taa sita za LED juu ya meza ya useremala: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Karakana yangu ya useremala, chumba cha mita 3 kwa mita 5 kilichokusudiwa awali kuwa stoo, ilikuwa ikiangazwa na taa mbili za tyubu za wati 36, za aina ile ya zamani yenye choki na stata, zilizofungwa katikati ya dari. Mwaka jana niliziondoa na kuweka taa sita ndefu za LED, kila moja ya sentimita 120, wati 18 na lumeni 2,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotolewa na taa), zikiwa ndani ya kasha la plastiki lililozibwa kwa mpira ili vumbi la mbao lisipenye. Nina mambo ya kuzisifia na mengine ya kuzilaumu, ila niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya nafuu niliyoipata ilitokana na mahali nilipozifunga kuliko ubora wa taa zenyewe.

Idadi ya sita niliipata kwa hesabu. Luksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita ya mraba, na kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka luksi 300 kwenye meza ya seremala na 500 kwenye mashine za mbao. Taa sita zinatoa lumeni 12,000, lakini theluthi moja hadi nusu ya mwanga huo humezwa na kuta, rafu na vumbi kabla ya kufika mezani, kwa hiyo katika chumba cha mita za mraba 15 nilitarajia kati ya luksi 400 na 530. Kabla ya kuzifunga nilipaka dari na kuta rangi nyeupe, kazi ya siku moja ambayo ningemshauri mtu aifanye kabla hajafikiria kuongeza taa ya saba. Anayetarajia bili ya umeme ishuke asitegemee hivyo, kwa maana taa sita za wati 18 ni wati 108, nazo zile mbili za zamani, hata ukijumlisha umeme unaoliwa na choki, zilikuwa chini ya hapo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanga taa kana kwamba chumba ni sebule. Nilizifunga katika mistari miwili iliyogawanya dari sawasawa, ikapendeza macho, kisha nikasimama mezani na kuchora alama ya penseli kwenye ubao wa kahawia iliyokolea. Mstari wa karibu ulikuwa nyuma ya kisogo changu. Kivuli cha kichwa kililala barabara juu ya alama, na kila nilipoinama ili niione vizuri, kivuli nacho kiliinama pamoja nami. Nilizishusha taa tatu na kuzihamishia juu ya meza yenyewe, kama sentimita 15 ndani ya ukingo wa mbele, zikienda sambamba na meza, na tangu hapo kivuli changu huangukia sakafuni nyuma yangu. Kwa kuwa mwanga unatoka kwenye urefu mzima wa mstari na si katika nukta moja kama balbu, hata kivuli cha mkono ulioshika patasi ni hafifu kiasi cha kutosumbua. Laiti ningezining'iniza kwanza kwa kamba na kufanya kazi chini yake jioni moja kabla ya kutoboa dari! Taa mbili nyingine ziko juu ya msumeno wa mezani, na ya mwisho iko juu ya mashine ya kukereza.

Kuhusu mashine hiyo ya kukereza kuna jambo la usalama ambalo wauzaji hawalizungumzii. Tyubu za choki, penye umeme wa hezi 50, humetameta mara 100 kwa sekunde, na kitu kinachozunguka kwa kasi fulani chini yake kinaweza kuonekana kimesimama au kinazunguka polepole. LED nzuri haina tatizo hilo, lakini yenye saketi duni ndani inalo. Nilizipima zangu kwa kuzielekezea kamera ya simu: tano zilionyesha picha tulivu, moja ikaonyesha michirizi myeusi inayopita kwenye kioo cha simu, nikairudisha nikabadilishiwa bila mzozo. Vilevile nilimwomba fundi umeme azitenganishe taa na soketi za mashine, kila upande uwe na sakiti breka yake, kwa kuwa msumeno ukizidiwa na kukata umeme, gizani ndipo mahali pabaya kabisa pa kuwa na diski ambayo bado inazunguka.

Lawama yangu kubwa ni juu ya rangi. Nilichagua kelvini 4,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe), mwanga ambao si wa manjano wala si ule wa buluu wa kelvini 6,500 unaochosha macho, na uamuzi huo siujutii. Nilichokipuuza ni kipimo cha uhalisi wa rangi, kile kinachoandikwa Ra kwenye boksi, ambacho kwa taa hizi ni 80. Wekundu wa mbao unafifia chini yake, kwa hiyo nikichanganya rangi ya kupaka mlango hulazimika kutoa kipande nje nikitazame kwa mwanga wa jua. Tena mwanga wa juu ulioenea hivi huficha mikwaruzo ya randa na msasa, kwa hiyo kabla ya kupaka vanishi nawasha taa ndogo yenye shingo ya kupindika, naiweka chini kabisa ubavuni mwa ubao, na kila kasoro hujitokeza.

Kasha limestahili sifa. Vumbi hunata kwa nje tu, nalo huondoka kwa kitambaa kibichi taa ikiwa imezimwa, na siku niliyougeuza ubao wa mita tatu bila kuangalia juu, ncha yake iliipiga taa ikaacha mkwaruzo tu, ilhali tyubu ya kioo ingenimwagia vigae na zebaki kichwani. Klipu za plastiki zinazoshikilia kasha hilo ni hadithi nyingine: mbili zilipasuka wakati wa ule uhamisho, nami nikazibadilisha kwa vibano vya chuma vya bomba. Nikinunua tena nitachukua umbo hilihili lenye Ra 90, na vibano vya chuma nitaviandaa kabla ya kupanda ngazi.