Gereji ya turbo hapa Nakuru: kazi safi, ahadi hewa

Gari ni Toyota Starlet EP82, injini 4E-FE ya kawaida isiyo na turbo, na turbo (ile pampu ya kushindilia hewa kwa injini) nilikuwa nimeshawekewa na fundi mwingine kwingineko, huyo simtaji. Alifunga turbo, akazungusha distribyuta (inayogawia plagi moto) kidogo, akaniambia niende nikafurahie. Miezi miwili baadaye napandisha Salgaa nasikia kitu kama misumari inatikiswa kwa mkebe, halafu moshi wa bluu nyuma na nguvu imekwisha kabisa.

Hawa wa Nakuru kwanza walikataa hata kuigusa hiyo turbo. Jamaa akatoa plagi zote nne, akaniwekea ya silinda ya tatu mkononi, ile kauri nyeupe ilikuwa na vidoti vinameremeta kama umekwaruza sufuria. "Hiyo ni pistoni yako, bosi." Akapima kompreshoni, yaani presha ya kila silinda, tatu zikasoma 170 na kitu, hiyo moja 120. Akadondosha oili kidogo kwa tundu, geji ikapanda, akasema basi ni ringi (pete za pistoni), valvu ziko sawa. Kufungua, kweli, pistoni imekatika pale kati ya ringi na ringi.

Sikuwa najua hii: 4E-FE ilitoka kiwandani na kompreshoni ya 9.6 kwa 1, yaani pistoni inashindilia hewa mara 9.6, na Toyota wenyewe walipoitia turbo, ile 4E-FTE, waliishusha hadi 8.2. Hewa ya turbo inaingia ikiwa imeshashindiliwa na ina joto, sasa pistoni ikiishindilia tena vile, petroli inajilipukia yenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujafika, na ndiyo ile misumari niliyosikia. Ndio unaweza kuchelewesha taimingi, yaani wakati plagi inapowasha, lakini ukizungusha distribyuta umechelewesha kila mahali, hata ukiwa kwa jam mjini gari inakuwa nzito na ekzosi inachemka bure. Kinachotakiwa ni kompyuta inayochelewesha moto kadiri busti (presha ya turbo) inavyopanda. Tukatafuta pistoni, injekta na kompyuta za ile ya turbo, zote mitumba, na hapo mfuko ulilia kweli.

Kwa taimingi jamaa ni msumbufu, kwa uzuri. Anaunganisha kwa kipande cha waya pini za TE1 na E1 kwa soketi ya kupimia, anamulika kwa taa ya taimingi, digrii 10, anafunga boliti ya distribyuta, anapima tena, imesogea nusu, anaanza upya.

Na hakunipa funguo hadi tushuke Ahero. Nakuru tuko kama mita 1,850, hewa nyepesi na baridi, injini inaweza kunyamaza huku halafu ikugongee kule chini karibu na Kisumu hewa ni nzito na jua ni lile. Redio tumezima, madirisha wazi, mguu chini, yeye ameinamisha kichwa anasikiliza. Kimya. Samaki nililipa mimi.

Ubaya sasa: walisema siku tano ikawa wiki tano, kila ukipiga ni "kesho bosi", na risiti bado nadai mpaka leo.