Somo la Classical Civilisation A level: binti yangu kamaliza, haya ndo niliyoyaona

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza ambao watoto wenu wanachagua masomo ya A level, naona wengi mnauliza kuhusu hili somo la Wagiriki na Warumi wa kale na wanaojibu wengi hawajawahi hata kulifungua, wanasema tu halina kazi, mtoto achukue biashara. Binti yangu kalisoma miaka miwili na mimi nimekaa nae mezani jioni nyingi sana, kwahiyo nasema nilichokiona kwa macho. Nalipatia nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibakisha nitaieleza.

Kwanza msilichanganye na Kilatini. Mtoto hahitaji kujua Kilatini wala Kigiriki, vitabu vyote vinasomwa vikiwa vimetafsiriwa kwa Kiingereza, na hata kama hakulisoma GCSE (mitihani ya kabla ya A level) anaweza kuanza tu. Bodi ya mitihani ni OCR. Mitihani mitatu, ule wa mashujaa wa Homer na Virgil, washairi wa kale wa Kigiriki na Kirumi, ni lazima, saa 2 na dakika 20 na unabeba asilimia 40, mingine miwili ni asilimia 30 kila mmoja, saa 1 na dakika 45. Coursework hakuna kabisa, kila kitu kinaishia chumba cha mtihani, na insha ndo zenye maksi nyingi, kwahiyo kama mtoto wako hapendi kusoma na kuandika kwa kirefu atateseka.

Sasa utamu wake. Kwenye Odyssey, utenzi wa Homer, mfalme Odysseus karudi nyumbani baada ya miaka 20, yuko kwenye sura ya ombaomba, mkewe mwenyewe hajamjua. Yaya wake wa zamani, Eurycleia, anaambiwa amuoshe mgeni miguu. Anaosha, mkono unapanda mpaka juu ya goti unagusa kovu, lile la jino la nguruwe mwitu alilolipata ujanani, na palepale anauachia mguu, unadondokea kwenye beseni, shaba inalia, beseni linainama maji yote chini. Binti yangu ananisomea hapo mimi nakunja nguo, nikasimama na shuka mkononi. Usiku nikampigia mama yangu Tanga nikamsimulia, akasikiliza vizuri tu mpaka pale Odysseus anapomkaba koo yule bibi kizee asije akapiga kelele, mama akang'aka, "Ee mwanangu, si ndo huyo aliyemnyonyesha? Sasa ushujaa gani huo!" Binti kasikia kwenye spika, kachukua kalamu. Maana swali lenyewe ndo hilo, huyu mtu ni shujaa wa namna gani, na jibu lako ulitetee kwa mambo yaliyomo kitabuni sio kwa hisia tu.

Mama nae akaanza ya Liyongo, jinsi mwanawe wa kumzaa alivyomchoma sindano ya shaba kitovuni, na alivyokufa kapiga goti na upinde wake mkononi mpaka watu wakaogopa kwenda kisimani kuteka maji wakidhani yu hai. Hapo ndo mtoto aliyezaliwa huku akamuuliza bibi yake, bibi haya umeyajulia wapi? Walikaa kwenye simu saa nzima. Mimi kwa hilo tu nalishukuru hili somo. Na yale ya mgeni pia, Wagiriki wa Homer mgeni anakaribishwa, anakula anashiba, ndo anaulizwa jina na anakotoka, binti akasema mama mbona hii ni nyumbani kwa bibi.

Kwa ile mitihani mingine miwili shule yao ilichukua tamthilia za Kigiriki na demokrasia ya Athens. Ya demokrasia ilimfungua macho, wanapiga kura kwa vigae vya vyungu kumfukuza mtu mjini miaka 10, lazima kura 6,000 zitimie, huku wanawake na watumwa hawana kura hata moja.

Nyota niliyoibakisha. Mada zinachaguliwa na shule, mtoto hachagui. Ipo mada moja inahusu Wagiriki walivyowatazama watu wa mataifa mengine wakawaita barbaroi, yaani wale ambao lugha yao wanaisikia bar bar bar tu, binti yangu angeipenda mno lakini shuleni kwao haikufundishwa. Pia pwani yetu haimo kabisa wakati Wagiriki waliiandika, karne ya 1 kuna mfanyabiashara aliandika safari za bahari ile, kaitaja Azania na soko la Rhapta, na jina Rhapta kasema limetokana na boti za kushonwa, yaani ndugu zake mitepe ya Lamu! Hii binti kaikuta mwenyewe laibrari, hakuna aliyemwambia.

Kingine ni kitabu. Mimi nilimnunulia Aeneid, ule utenzi wa Virgil, ya mtumba ya tafsiri nyingine, ya kishairi, nzuri kweli kusikiliza, ila namba za mistari hazikuendana na za darasani na dondoo za mtihani zinatoka kwenye tafsiri iliyotajwa na bodi, alipoteza wiki mbili anahangaika kuoanisha. Ulizeni shule tafsiri gani na mada zipi kabla hamjalipia chochote, orodha ya vitabu iko wazi kwenye silabasi ya OCR.