London hadi Paris: nimekwenda kwa ndege, nimerudi kwa treni

Dada yangu anaishi Saint-Denis, kando ya Paris. Alijifungua mwezi uliopita, nami nikatoka London kwenda kumwona mzazi. Kabla ya kukata tiketi nilitazama umbali mtandaoni: kilomita 344 kwa mstari ulionyooka, na ndege haimalizi hata saa moja angani. Nikasema, hapo ni pua na mdomo. Nikakata ndege.

Tiketi iliandikwa kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa tano na dakika ishirini. Hapa wengi huchanganyikiwa. Paris iko mbele ya London kwa saa moja, na kila muda kwenye tiketi ni wa mji wenyewe. Kwa hiyo safari hiyo ni saa moja na dakika ishirini, na humo mna ndege kutambaa uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Ila mimi nilifunga mlango wangu mtaani Whitechapel, London, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Viwanja vikubwa vya ndege vya miji hii viko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo unasafiri kwenda kusafiri. Shirika likanitoza begi, maana tiketi yangu ya bei ya chini iliruhusu mkoba mdogo tu, na pesa niliyodhani nimeokoa ikaishia pale kaunta. Baada ya kutua nikasimama foleni ya pasipoti dakika arobaini, kisha treni ya mjini. Nilipobisha hodi kwa dada, saa yangu ya mkononi, ambayo bado ilikuwa ya London, ilisema saa sita na dakika tano. Saa sita na nusu na ushee njiani! Supu niliyomwahidi mzazi kwa mchana ikawa ya jioni.

Kurudi nikapanda Eurostar, treni ya Paris hadi London. Nilitoka kwa dada saa tatu na nusu, na kituo chake, Gare du Nord, kiko mjini kabisa. Pasipoti zinakaguliwa palepale kabla ya kupanda, na maofisa wa Ufaransa kwanza, wa Uingereza baadaye, hivyo ukishuka London unatembea tu. Treni inakimbia kilomita 300 kwa saa kwenye mashamba ya Ufaransa, inapunguza mwendo kuingia njia ya chini ya bahari, yenye urefu wa kilomita 50, na baada ya dakika ishirini hivi uko Uingereza. Baada ya saa mbili na dakika kumi na saba tangu kuondoka, tukashuka kituo cha St Pancras, London. Mlango hadi mlango: saa nne na dakika arobaini na tano. Nilikuwa na masanduku mawili na chupa za achari alizonifungia dada, sikulipa senti ya mzigo.

Bei ndiyo ya kuangalia. Ukichelewa kukata, treni inapanda sana. Mimi nilikata wiki tano kabla. Na mwenye pasipoti ya Tanzania kama mimi, hata ukiwa na kibali cha kuishi Uingereza, viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi wenzake za Ulaya, ni lazima kwa njia zote mbili.

Siku ya arobaini ya mtoto mama naye anakuja nami. Magoti yake hayapendi foleni, kwa hiyo nimeshakata treni ya asubuhi, viti viwili vya dirishani vinavyotazamana.