Uzoefu wangu: kufuatiliwa mayai kwa ultrasaundi hapa Kigoma

Kwa wadada mnaotafuta mtoto na mko Kigoma: nimetumia huduma ya kufuatiliwa mayai kwenye kliniki moja binafsi maeneo ya Mwanga. Jina siliweki. Kupima wanajua, kueleza mgonjwa ndiyo kazi.

Nilianzishiwa Clomid, vidonge vya kuchochea mayai, miligramu 50 kwa siku, siku 5 mfululizo kuanzia siku ya 3 ya hedhi. Baadaye unarudi kupigwa ultrasaundi ya ndani, ile ya ukeni, wapime vifuko vya mayai. Dada anayepima ana mkono mwepesi na anakugeuzia skrini uone mwenyewe: kushoto kimoja kimefika milimita 19, kulia viwili vidogo vidogo. Kikishakomaa hivyo unachomwa sindano ya kutoa yai, na yai hutoka baada ya kama saa 36. Hapo sina neno. Ila yule wa mapokezi anayeita "wa kipimo cha ukeni nani?" mbele ya waume za watu, jamani!

Shida yangu ni maumivu. Hakuna aliyeniambia kwamba ovari, zile zinazobeba mayai, zikichochewa zinavimba. Tumbo lilijaa, sketi ikagoma kufunga, na upande wa kushoto ukawa unavuta kila nikiinama kugeuza dagaa pale Kibirizi. Kwenye bajaji kila tuta nashika tumbo. Mama mkwe akasema, "Hilo chango, mwanangu, twende kwa bibi akukande na mawese." Nikamwomba tuulize kwanza. Dokta kwenye simu alikataa kabisa: ovari iliyovimba haikandwi, inaweza kupasuka, na ikijisokota inakosa damu. Ndipo akanitajia dalili za kukimbilia hospitali: uzito kupanda ghafla, mkojo kupungua, kutapika mfululizo, kupumua kwa shida. Maelezo mazuri, lakini mpaka nipige simu mimi?

Siku za hedhi zikapita bila kuiona, kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili, na kushoto bado kunauma. Nikawaza mimba imetunga nje ya kizazi. Hapa walinifurahisha: walinipitisha mbele ya foleni, wakauona mfuko wa mimba ndani ya kizazi, na kwenye ovari ya kushoto uvimbe wa maji. Dada akanieleza taratibu kwamba ni kile kifuko kilichotoa yai, kinabaki kutengeneza projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, mpaka kondo la nyuma lishike kazi, na mara nyingi hunywea chenyewe. Nikapewa parasetamoli tu. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu ambayo maduka ya dawa ya mtaani kwetu wanaigawa kama pipi, nikaambiwa niiache mimba yote, labda daktari aandike mwenyewe.

Wewe ukipata maumivu makali ya upande mmoja, damu, kizunguzungu au bega kuuma na hujui mimba iko wapi, usingoje kliniki ifungue asubuhi. Nenda hospitali ya Maweni usiku huohuo.

Bei: kila kipimo unalipa upya, hivyo uliza jumla ya mzunguko mzima kabla hujaanza, na uulize kama sindano imo. Kwangu haikuwemo. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ya tano waipate siku watakayochapa karatasi moja ya dalili za hatari na kuibana kwenye pakiti ya vidonge.